Redio ya jikoni yenye saa na CD kutoka Marekani: kuikagua, kuisafisha na kuirudisha kwenye umeme

SWALI: Shemeji yangu aliniletea kutoka Marekani redio ya jikoni yenye saa na CD, ile inayofungwa chini ya kabati. Nyuma imeandikwa AC 120V 60Hz 18W, nami naitumia na transfoma ya kupunguza umeme. Tangu mwanzo saa yake inachelewa: nikiiseti saa 2 usiku, saa 12 alfajiri inaonyesha saa 10 na dakika 20. Siku hizi CD inaandika NO DISC, spika inavuma, na nikigusa skrubu zilizoishikilia kabatini nasikia umeme ukinitekenya. Stesheni nyingine zinakwaruza. Naweza kuisafisha mwenyewe? Na ni salama kuendelea kuitumia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, ichomoe leo, na isirudi kwenye umeme mpaka ijulikane hilo tekenyo linatoka wapi. CD, mvumo na saa havina haraka, na saa yenyewe wala si mbovu. Kusafisha unaweza, ukiwa na bisibisi na subira. Kupima kinga ya umeme kunataka kifaa ambacho fundi wa umeme wa majumbani anacho, na hapo chini nimeeleza umwambie afanye nini hasa, kwa sababu wengi watagusisha multimita mara moja na kusema "iko sawa".

Hilo tekenyo

Plagi ya redio yako ina pini mbili bapa, haina ya tatu ya ethi. Redio za namna hii zinategemea transfoma ndogo iliyo ndani yake: koili ya kwanza inapokea volti 120, koili ya pili inatoa volti 9 hadi 15 hivi, na koili hizo mbili hazigusani popote. Vyote unavyoweza kuvishika kwa nje, yaani waya wa antena, tundu la spika za masikioni, wavu wa spika na skrubu, viko upande wa volti ndogo au havijaungwa na chochote. Hupaswi kusikia kitu. Ukisikia, umeme umepata njia.

Anza kwa kuzishuku skrubu zenyewe. Redio hizi huja na skrubu nne zinazoshuka kutoka juu kupitia ubao wa kabati, pamoja na vipande vya plastiki vya kujaza nafasi kati ya ubao na redio. Vikipotea safarini, mtu hununua skrubu za duka la vifaa vya ujenzi, na zikizidi urefu hata kwa milimita chache hupenya boksi la redio na kufika kwenye waya au kwenye bodi. Redio ikiwa imechomolewa, zitoe moja moja. Pima kina cha tundu la redio kwa njiti ya kiberiti, ongeza unene wa ubao na wa kile kipande cha plastiki. Skrubu isizidi jumla hiyo. Ncha yenye alama nyeusi ya kuungua, au waya uliochubuka mkabala na tundu, ni jibu tosha.

Sababu ya pili ni uchafu, na kwa jikoni ndiyo inayokutwa mara nyingi. Mvuke wa mafuta unaganda ndani ya redio kama vanishi, unanasa vumbi na masizi ya mkaa, na huko pwani unyevunyevu wenye chumvi unaufanya utando huo upitishe umeme kidogo. Halafu mende. Kwa kuwa saa haizimwi, transfoma ina uvuguvugu usiku na mchana, na mende hawahitaji mwaliko zaidi ya joto na giza. Vinyesi na mayai yao hujaa kati ya miguu ya transfoma, mahali hasa ambapo umeme mkubwa na mdogo vimetenganishwa kwa milimita chache tu. Usipulize dawa ya mende ndani ya redio: viyeyusho vyake hutia ukungu lenzi ya CD na kupasua plastiki, na gesi inayosukuma dawa hiyo mara nyingi hushika moto.

Sababu ya tatu iko nje ya redio. Transfoma nyingi za kupunguza umeme zinazouzwa madukani ni za koili moja, yaani waya mmoja wa volti 120 ni uleule wa volti 230. Umeme unapungua lakini hautenganishwi na laini. Kama soketi au ekstensheni yako imeunganishwa kinyume, pini zote mbili za transfoma hiyo zinabaki na volti nyingi dhidi ya ardhi, na uvujaji uliokuwa mdogo mno kuhisiwa unaanza kukutekenya. Kwa bisibisi ya testa, soketi ya pini tatu ukiitazama kwa mbele, tundu la ethi likiwa juu, umeme uwe kwenye tundu la kulia. Ukiukuta kushoto, mwite fundi arekebishe soketi kabla ya kufikiria redio.

Sasa upimaji. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha omu inasukuma volti chache tu, hivyo haiwezi kugundua kinga inayoshindwa ikikutana na volti mia mbili. Kinachohitajika ni mega ya volti 500, yaani kile kifaa cha kupima kinga ya umeme. Redio ikiwa imechomolewa, unganisha pini zake mbili za plagi kwa kipande cha waya, weka waya mmoja wa mega hapo, na waya wa pili uguse kwa zamu antena, tundu la spika za masikioni na kila skrubu. Kama redio ina swichi ya kuzima ya mitambo, iwe imewashwa. Kwa kifaa kisicho na ethi, kiwango cha chini kinachokubaliwa katika upimaji wa vifaa vya umeme ni megaomu 2. Redio kavu na safi hupita hapo kwa mbali sana. Ukipata megaomu 3 au 4 imefaulu kwenye karatasi, lakini mimi nisingeirudisha jikoni kabla ya kuisafisha na kuipima tena, maana unyevu wa masika utaishusha.

Kuna kipimo kimoja kinachotisha watu bure. Ukiweka multimita ya dijitali kwenye volti za AC kati ya antena na ethi, redio ikiwa imewashwa, inaweza kuonyesha volti 40 au hata 90 kwenye redio nzima kabisa. Hizo ni volti zinazorukia kidogo kidogo kati ya koili, hazina nguvu nyuma yake. Fundi aunganishe rezista ya kiloomu 2 sambamba na multimita kisha asome tena. Volti 0.5 hapo ni sawa na mkondo wa miliampia 0.25, na ningependa usomaji uwe chini ya huo. Kipimo hiki kifanyike baada ya mega kukubali, si kabla.

Saa inachelewa, na itaendelea kuchelewa

Kati ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri zimepita saa 10. Redio yako imehesabu saa 8 na dakika 20. Gawanya, utapata 5/6 kamili, yaani 50 kwa 60. Saa hii haina fuwele yake ya kwatzi ya kuhesabia muda. Inahesabu mawimbi ya umeme wa ukutani, na kila yakifika 60 inasema sekunde moja imepita. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo inapoteza dakika 10 kila saa, saa 4 kwa siku. Transfoma ya kupunguza volti haibadilishi hezi, hata ungenunua ya bei gani.

Ukifungua boksi, tafuta kwenye bodi ya saa maandishi 50/60 karibu na swichi ndogo, kijumpa au matone mawili ya risasi yaliyo karibu karibu. Chipu nyingi za saa zina mguu maalumu wa kuchagua hezi, na kiwanda kinachouza pande zote mbili za dunia huacha nafasi hiyo. Ukiikuta, tatizo linakwisha kwa dakika tano. Usipoikuta, weka saa ya ukutani jikoni na uache hii iwe pambo. Kumlipa fundi atengeneze sakiti ya hezi 60 ndani ya redio ya namna hii ni gharama isiyo na maana, na alamu ya saa inayochelewa saa nne kwa siku haiamshi mtu kwa wakati.

Kama ina nafasi ya betri ya akiba, ifungue hata kama hukuwahi kuitumia. Betri ya volti 9 au mbili za AAA zilizosahaulika huvuja na kula mabati yake. Betri za alkali huacha unga mweupe unaosafishwa kwa pamba yenye tone la siki. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni huvuja majimaji yenye asidi, hizo tumia maji yenye magadi ya kuokea. Kisha futa kwa spiriti safi na ukaushe. Ikiwa betri ni ile bapa ya CR2032, iweke mbali na watoto. Ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Kuifungua na kuisafisha

Chomoa, toa betri, subiri dakika 10. Redio yenye transfoma ya chuma haibaki na umeme wa hatari ndani, lakini kama kibandiko kingesema 100–240V ungekuwa na saketi ya aina nyingine, yenye kapasita inayoweza kushikilia volti zaidi ya 300, na hiyo ningekuambia umwachie fundi. Yako ya 120V peke yake, yenye uzito upande mmoja, ni ya transfoma.

Andaa bisibisi ya nyota namba 1 na 2, brashi laini ya rangi ya nusu inchi, pamba za masikio, na isopropili (aina ya spiriti) ya asilimia 90 au zaidi kutoka duka la dawa. Spiriti ya rangi ya zambarau au buluu usiitumie kwenye lenzi. Ile rangi inabaki. Piga picha kila unapochomoa waya. Skrubu huwa 6 hadi 10, na mara nyingi kuna moja iliyofichwa chini ya kibandiko au ndani ya kifuniko cha betri. Kifuniko kikikataa, kuna skrubu hujaiona; usitumie nguvu.

Vumbi liondoe kwa brashi huku mashine ya kufyonza vumbi ikiwa karibu kidogo, au fanyia nje kwenye kivuli. Utando wa mafuta kwenye bodi unatoka kwa brashi iliyochovywa isopropili, ukipitisha upande mmoja na kufuta kwa kitambaa. Tumia muda mrefu zaidi kwenye miguu ya transfoma na mahali waya wa umeme unapoingia. Hapo pawe safi kiasi cha kuuona ubao wa bodi kwa rangi yake. Boksi na vitufe vya plastiki, vikiwa vimetenganishwa na bodi, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, vikauke usiku kucha.

Waya wa umeme ukague kwa kuupinda kati ya vidole, hasa sentimita 10 za kwanza kutoka kwenye boksi. Mafuta ya kupikia huugeuza mgumu na kuupasua. Ukiona ufa, badilisha waya wote. Kuzungushia tepu ya umeme si matengenezo. Na kile kifundo cha plastiki kinachouzuia waya usivutike kiwe mahali pake.

Kuhusu plagi, usikate zile pini bapa na kufunga plagi ya pini tatu kama redio bado ni ya volti 120. Siku moja mgeni ataichomeka moja kwa moja ukutani. Kwa bahati mbaya ekstensheni nyingi zinazouzwa kwetu zina matundu yanayokubali pini za kila nchi, zikiwemo bapa, kwa hiyo andika kwa kalamu ya wino wa kudumu kwenye plagi yenyewe: VOLTI 120 TU.

Transfoma mbili, ya ndani na ya nje

Ya nje kwanza. Kwa redio ya wati 18, chukua ya VA 50 au zaidi. Ya 100 itakuwa baridi zaidi. Pima volti zake redio ikiwa inacheza: kati ya 110 na 125 ni nzuri, ikizidi 130 usiitumie. Iwe transfoma halisi, yenye uzito wa chuma. Vile vigeuzi vyepesi vya mfukoni wanavyouziwa wasafiri vimetengenezwa kwa pasi na mashine za kukaushia nywele. Vinakata umeme vipande vipande, na redio inaungua. Plagi ya ukutani iwe na fyuzi ya ampia 3. Wengi huacha ile ya 13 iliyokuja nayo, ambayo itaruhusu waya mwembamba uyeyuke kabla haijakatika yenyewe. Fungua plagi uione kwa macho, kwa sababu ziko plagi ambazo ndani badala ya fyuzi mna waya uliozungushwa au karatasi ya sigara.

Ya ndani inafanya kazi kwa jasho hata ikipewa volti sahihi. Chuma chake kilipimwa kwa hezi 60. Kwa hezi 50 kinabeba sumaku zaidi kwa asilimia 20, na joto linapanda. Imefungiwa ndani ya koili fyuzi ya joto, kwa kawaida ya nyuzi 115 hadi 130, inayokatika mara moja tu. Ndiyo maana redio ya Marekani iliyochomekwa kwenye 230 kwa bahati mbaya huvuma kwa nguvu, hutoa harufu, kisha hufa kimya. Pima omu kati ya pini mbili za plagi: ukipata makumi au mamia ya omu koili ni nzima, ukipata wazi kabisa, fyuzi hiyo imekatika au waya umekatika. Kuna mafundi wanaochimba koili na kuiruka fyuzi hiyo. Redio itawaka, na kinga pekee dhidi ya moto chini ya kabati la mbao itakuwa imeondolewa.

Kama transfoma ya ndani imekufa, au mega imekataa hata baada ya kusafisha, liko suluhisho ninalolipendelea kuliko mengine yote: mwombe fundi afunge transfoma ya koili mbili ya 230V 50Hz yenye volti na ampia zilezile upande wa pili. Zimeandikwa kwenye ya zamani; kwa redio ya wati 18 mara nyingi ni volti 12 na ampia 1 hadi 1.5. Ukifanya hivyo unaachana na transfoma ya nje, joto linashuka, na sasa plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3 inaruhusiwa. Futa 120V kwenye kibandiko na uandike 230V. Kipimo cha mega kirudiwe baada ya kazi, kwa sababu kazi imegusa ile kinga yenyewe.

Mvumo wa spika

Mvumo unaobaki palepale hata ukipunguza sauti hadi mwisho unatoka kwenye kapasita kubwa ya kulainisha umeme, karibu na daiodi nne. Kwa kawaida ni mikrofaradi 1000 hadi 3300, volti 16 au 25. Ikiwa imevimba kichwani au imevuja chini, ibadilishwe. Isipovimba bado inaweza kuwa imekauka: pima volti za AC kati ya miguu yake miwili redio ikicheza kwa sauti ya wastani, na ukiona zaidi ya nusu volti hadi volti moja, haifanyi kazi yake. Mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na daraja la nyuzi 105, si 85. Alama ya hasi ielekee palipokuwa hasi.

Mvumo unaopanda na kushuka pamoja na sauti ni kitu kingine. Angalia waya wa ethi ya sauti uliolegea, au kitasa cha sauti kilichojaa mafuta. Kitasa hupuliziwa dawa ya kusafisha kontakti na kuzungushwa mara ishirini. Vitufe vinavyotaka kubonyezwa mara tatu havisafishiki kwa kudumu. Vile vya milimita 6 kwa 6 ni vya bei ndogo sana, fundi avibadilishe vyote kwa mkupuo mmoja.

CD inayosema NO DISC

Kabla ya kushika lenzi, sikiliza. Weka CD halisi ya kiwandani, isiyo na mikwaruzo, kwa sababu za kuchoma huchanganya uchunguzi. CD ya kiwandani hurudisha asilimia 70 au zaidi ya mwanga wa leza, CD-R kidogo chini yake, na CD-RW robo tu au pungufu. Leza iliyochoka itasoma ya kwanza na kuzikataa nyingine.

Ukisikia tik-tik mara mbili tatu, CD isizunguke, kisha NO DISC, lenzi inapanda na kushuka ikitafuta umbali sahihi na haioni mwanga ukirudi. Jikoni hiyo ni lenzi yenye utando wa mafuta mpaka ithibitike vinginevyo. Ikizunguka kwa sekunde kadhaa ndipo ikakata tamaa, imeona mwanga lakini imeshindwa kusoma orodha ya nyimbo iliyo karibu na katikati ya CD. Hapo ni lenzi, au mota dhaifu inayozungusha, au kitanda cha leza hakijarudi ndani kabisa. Ikisoma vizuri nyimbo za mwanzo na kuruka zile za mwisho, lenzi haina kosa. Reli inayobeba leza ina grisi iliyogeuka gundi. Na kukiwa kimya kabisa, bila tik wala mzunguko, angalia utepe bapa wa waya unaotoka kwenye leza kwenda bodi. Fungua kifungo chake kabla ya kuuvuta, safisha ncha, urudishe ukiwa umenyooka.

Usiwashe mashine ikiwa wazi ili uone kama leza inawaka. Mwanga wake una urefu wa nanomita 780, karibu nje ya uwezo wa jicho. Unaona nukta hafifu nyekundu na kudhani ni dhaifu, huku mwanga mwingi zaidi usiouona ukiingia jichoni. Ile swichi ndogo inayoizima leza kifuniko kikifunguliwa isizibwe kwa kijiti.

Kusafisha: umeme umechomolewa, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate. Lowesha pamba ya masikio kwa isopropili, ikamue, kisha zungusha juu ya lenzi kutoka katikati kwenda nje kwa uzito wa pamba yenyewe tu. Lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama nywele na itacheza. Hiyo ni kawaida, ukiibonyeza hadi chini unaweza kuzipinda. Maliza kwa pamba kavu. Kwenye mashine ya trei, lenzi imefunikwa na daraja linaloibana CD, ambalo huondolewa kwa skrubu mbili hadi nne. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi husaidia kwenye vumbi, kwenye mafuta zinayapaka tu.

Reli ifutwe grisi yote ya zamani, meno ya plastiki yapigwe brashi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye fimbo ya chuma na grisi nyeupe kidogo, kama punje ya mchele, kwenye meno. Mafuta ya kula au ya nazi yataganda ndani ya miezi na kukurudisha hapa hapa.

Trei inayotoka kwa kusitasita ina mkanda wa mpira uliolegea. Utoe, osha vipuli vyake kwa isopropili, na ununue mkanda mwingine wa unene uleule, mzingo wake ukiwa pungufu ya wa zamani kwa asilimia 5 hivi. Mpira wa kufungia noti hufanya kazi siku chache, kisha unanyooka au kuyeyuka juu ya kipuli.

Kando ya leza kuna kirezista kidogo cha kuzungusha, na wapo watakaokushauri ukiongeze "ili leza ipate nguvu". Kitaamsha leza iliyochoka kwa muda mfupi na kuimaliza. Kama usafi haukusaidia, soma namba ubavuni mwa leza, mfano KSS-213 au SF-P101N, na uhesabu pini za utepe, kwa sababu SF-P101N ipo ya pini 15 na ya 16. Leza mpya mara nyingi huja na tone la risasi linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiiue. Tone hilo liondolewe baada ya utepe kuchomekwa. Lisipoondolewa, CD haitasoma kamwe, na muuzaji atalaumiwa bure.

Kuiwasha tena na kuifunga

Mwambie fundi aiwashe mara ya kwanza kupitia taa ya mfululizo: balbu ya waya ya wati 60, ya volti 230, ikiwa imeunganishwa kwenye waya mmoja kabla ya transfoma. Ikimweka na kufifia, mambo ni sawa. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imeokoa redio. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Baada ya hapo icheze saa mbili mezani, bila kuiacha peke yake. Boksi juu ya transfoma liwe na joto la kuvumilika kwa kiganja muda wowote utakao. Likikulazimisha kuondoa mkono, lina joto mno.

Isirudi juu ya jiko wala juu ya birika la umeme, hata kama tundu za skrubu ziko hapo tayari. Sogeza mwisho wa kabati ulio mbali na moto na sinki, acha nafasi ya vidole viwili juu ya matundu ya hewa, na waya ushuke chini ya usawa wa soketi kisha upande kuingia, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke sakafuni. Saketi ya jikoni ikiwa na ile swichi ya usalama ya miliampia 30 ambayo mafundi wengi huiita ELCB, ibonyeze kitufe cha T uhakikishe inakata.

Zimebaki stesheni zinazokwaruza. Marekani FM inapangwa kwa hatua za 0.2, na kila stesheni ina desimali witiri: 88.1, 88.3, 88.5. Kwetu zipo pia zenye desimali shufwa, na redio yako ikiitafuta 98.4 inasimama 98.3 au 98.5, pembeni ya stesheni, na sauti za S zinapasuka. Baadhi ya redio zina namna ya kubadilisha hatua, mara nyingi kwa kushikilia kitufe fulani huku ukichomeka plagi. Kitabu chake kitasema. AM nayo hupanda kwa kilohezi 10 badala ya 9 zetu, kwa hiyo stesheni nyingi za masafa hayo hutazipata sawasawa. Kwa FM zenye desimali witiri zinazokwaruza bado, nyoosha waya wa antena. Unahitaji kama sentimita 75 zilizonyooka, ukiubandika chini ya ukingo wa kabati, mbali na waya wa umeme na mbali na mlango wa friji.